Mtu Asiye na Mikono

Tekla tulimzika kwao Mkuyuni siku ya soko, na mvua ikatunyeshea makaburini mpaka kiatu kimoja cha padri kikanasa kwenye tope kikabaki huko. Tekla angecheka. Alikuwa mtu wa kucheka mahali pasipofaa, na mimi, niliyekaa naye benchi moja tangu wakati wa Mdachi, ndiye niliyekuwa nikimfinya anyamaze. Safari hii sikuwa na wa kumfinya. Nililia kwa sauti kubwa hata wajukuu wakadhani nimeng'atwa na siafu, wakaanza kunikung'uta nguo. Tuliporudi msibani wanawake walishika masufuria, wanaume wakashika siasa, na mimi nikawekewa kiti barazani kwa heshima ya magoti yangu, nikaletewa chai ya tangawizi ambayo mtu alisahau kuitia sukari. Niliinywa hivyo hivyo. Kwenye msiba wa rafiki yako hudai sukari.

Hapo barazani alikuwapo Neema, mjukuu wa Tekla, binti anayesomea ualimu mjini Morogoro. Alikuwa amekabidhiwa watoto wadogo wote wa ukoo ili wasipige kelele, kazi ambayo mimi nisingeikubali hata kwa kubembelezwa. Akawagawia karatasi na penseli, akamwambia kila mmoja achore mtu. Pakawa kimya, nami nikamsifu moyoni. Baadaye akaja akachuchumaa kando ya kiti changu na fungu la karatasi mkononi.

“Bibi, tazama. Chuoni tunafundishwa kwamba mtoto akichora mtu unaweza kuipima akili yake. Unaangalia ameweka nini na ameacha nini. Macho, shingo, mikono, vidole. Kadiri anavyoweka vingi, ndivyo akili ilivyokomaa.”

“Na asiyeweka?”

“Huyo yuko nyuma. Kama Yusta, huyu aliyekuwa akilala na marehemu bibi kitanda kimoja. Ana miaka saba sasa, lakini ona mtu wake. Hana mikono, hana miguu. Nitamwambia mama yake aanze kumwangalia mapema.”

Damu ilinipanda. Msibani mtu hagombi, lakini nilimwambia aiweke chini hiyo penseli, avute kigoda, anisikilize kwanza. Nikishamaliza ataandika anachotaka. Niliyomsimulia ndiyo haya, ila hapa nimeyapanga vizuri kidogo, maana pale barazani nilikatizwa na kila aliyekuja kunipa pole.

Habari za ukoo wangu naziacha. Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama, na mama atatokea mwenyewe wakati wake ukifika. Mwaka ninaousema reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, na vita vya Wazungu kwa Wazungu vilikuwa bado. Shule yetu ilikuwa ya misheni, juu mlimani, mahali ambapo asubuhi wingu huingia ndani bila kubisha hodi na nguo haikauki mpaka uipige pasi. Darasa lilikuwa chumba kirefu cha sakafu ya udongo, chenye madirisha mawili yasiyo na vioo na mabenchi ambayo fundi wake aliyatengeneza kwa kipimo cha miguu ya Wazungu, kwa hiyo sisi tuliketi miguu ikining'inia. Harufu ya chumba kile ninayo mpaka leo: chaki, moshi wa jikoni, na wasichana waliolowa umande. Waliopewa nafasi kwenye mabenchi walisoma asubuhi nzima. Wale walioonekana wazito wa kichwa walipewa jembe, wakaenda kwenye matuta ya kabichi na viazi kule mteremkoni, wakarudi jioni kujifunza sala tu. Kwetu jembe si aibu. Sote tumekua nalo mkononi. Lakini mimi nilikuwa nimeonja kusoma, na aliyeonja asali haridhiki tena na miwa. Nikiona herufi nilizisoma, hata zilizokuwa kwenye gunia la chumvi, hata zile za Kidachi zilizopigwa chapa kwenye kreti la Masista, ambazo sikujua maana yake lakini nilizitamka hivyo hivyo.

Aliyetufundisha ni Sista Klara, akisaidiwa na Mwalimu Kosmas, mtu wa Bagamoyo mwenye kanzu safi na woga wa nyoka. Sista Klara alikuwa mwanamke mkubwa, mwekundu usoni, mwenye hatua nzito. Ulimsikia kabla hujamwona, na hiyo ilitusaidia mara nyingi. Kiswahili chake alikisoma vitabuni na kilikuwa safi kuliko chetu, ndiyo maana kilituchekesha. Kabla ya kupewa darasa alilea watoto yatima wa misheni, na tabia hiyo haikumtoka: hata akikugombeza mkono wake ulikuwa ukikufunga kitufe. Huyu ndiye aliyemwambia mama kwamba mwaka ukiisha nitapelekwa pwani kusomea ualimu. Mama, ambaye alibatizwa mtu mzima na hakuwahi kukosa Misa hata mto ukifurika, alilibeba neno hilo mpaka kijijini kama anayebeba yai, akamwonyesha kila mtu.

Likizo ya mavuno nikaenda nyumbani, na huko nikavunja ungo. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Padri Mkuu alikuwa ametangaza altareni kwamba mzazi atakayemweka binti ndani kwa mila ya mwali atanyimwa komunyo. Nami nilikuwa nimelala kitandani, nimegeukia ukutani, nikijifanya nina usingizi, wakati mama na bibi yangu walipokuwa wakibishana jikoni na sufuria ya kunde katikati yao.

“Mama, padri ametukataza,” alisema mama.

“Padri amezaa?”

“Hakuzaa.”

“Basi hili halimhusu. Wewe ulikaa ndani mvua mbili nzima. Mama yako mimi nilikaa zaidi. Huyu unataka awe mwanamke wa namna gani, wa kuokotwa njiani?”

“Mimi nataka asome.”

“Asome. Nani kamnyang'anya kitabu? Nasema akae ndani kwanza.”

Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria. Kisha mama akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayejua anachokifanya, kwamba nikae mpaka shule ifunguliwe, zaidi ya hapo hapana, na majirani waambiwe nina homa.

Nikaingizwa chumba cha nyuma. Hakikuwa na dirisha. Juu palitundikwa mashuke ya mtama wa mbegu, na moshi wa jikoni ulipitia humo kabla ya kutoka nje, kwa hiyo nilitoka machozi bila kulia. Siku ya kwanza nililetewa kuku, baada ya hapo ugali wa mtama na mlenda, na nilipakwa mafuta ya nyonyo mpaka mkeka wangu ukawa unateleza. Yaliyofundishwa humo hayatoki nje, na hata leo, kikongwe nilivyo, sitayaandika. Nitataja kitu kimoja tu, kwa sababu mama mwenyewe alikuja kukitoa hadharani. Bibi alifungua kitambaa akanipa mwana hiti. Kwa asiyemjua, ni mtoto wa mti anayeenea kiganjani, ana kichwa chenye vishungi viwili vya nywele, ana matiti madogo, ana kitovu, basi. Alikuwa mweusi anayeng'aa kwa mafuta ya mikono yote iliyomlea, na ya mama ilikuwamo. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpaka mafuta, kumlaza na kumbeba, na ole wangu nimwangushe.

“Bibi, mbona huyu hana mikono?” niliuliza.

“Huyu ndiye mtu,” alisema Bibi. “Kaa naye. Mikono utaiona.”

Sikuiona, lakini baada ya siku chache niliacha kuuliza. Nilimzoea. Nilikula naye, nililala naye kwapani, nikaanza kuamka mwenyewe usingizini kabla hajaanguka mkekani. Shule ilipofunguliwa nilimrudisha kitambaani, na nakumbuka kwamba njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nimekunja mkono wangu wa kushoto kana kwamba bado nimembeba.

Hazikupita siku nyingi akaja Bwana Kalamu. Jina lake la kwao sikuweza kulitamka na nimelisahau. Hilo la Kalamu tulimpa sisi. Alipanda kwa miguu kutoka Morogoro na wapagazi waliobeba sanduku la karatasi. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyojaa ukungu kila alipoingia ndani, akapenda ndizi zetu mbivu mpaka Masista wakaanza kuzificha. Sikumchukia siku ile na sikuweza kumchukia hata baadaye, ingawa nilijaribu. Alizungumza na watoto kwa upole, na ili tusimwogope alimchora jogoo ubaoni, jogoo mwenye mkia mzuri kuliko majogoo wote wa misheni. Kisha akatueleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba watoto wa dunia nzima huchora watu, na yeye anazikusanya picha hizo ili ajue akili ya mwanadamu inakuaje tangu utotoni. Akagawa karatasi na kalamu za risasi. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuchora chochote isipokuwa herufi.

“Choreni mtu,” alisema. “Mtu tu. Na usitazame kwa mwenzako.”

Tekla alitazama kwa wenzake wote. Tekla, ambaye katika kusoma kila herufi aliiita kwa jina la jirani yake, aliinua macho akamwona Bwana Kalamu amesimama mbele, akamchora yeye. Alimpa kofia, miwani, masharubu, viatu vyenye kamba, vidole vya kutosha watu wawili, na vifungo vya koti vilivyoshuka mpaka magotini. Mimi niliitazama karatasi nyeupe nikajiuliza mtu ni nani. Bibi alikuwa amenionyesha. Nilimchora kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwa jina langu: vishungi viwili, uso, kifua, kitovu. Nilipomaliza nilimpenda. Tekla aliyekuwa na dada mkubwa, na kwa hiyo alikuwa amechungulia mambo ya wakubwa kabla ya wakati wake, aliitupia jicho karatasi yangu akanikanyaga mguu.

“We Agatha! Umechora nini? Muongeze mikono haraka!”

“Simuongezi.”

“Watajua!”

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Lakini kalamu ilikataa kwenda. Kumuongeza mikono kungekuwa kusema kwamba siku zote zile nililala na kitu kilichopungua, nami nilijua hakikupungua. Nilikuwa mkaidi, na ukaidi huo sijauacha, waulizeni wakwe zangu. Bwana Kalamu akafika, akaichukua karatasi, akaitazama, akanitazama mimi kwa macho ya huruma. Huruma ile ilinitisha kuliko fimbo.

Jioni nilikuwa kwenye kile chumba kidogo kinachopakana na mezani kwa Masista, napiga pasi vitambaa vya altare. Pasi ilikuwa ya mkaa, nzito, na ukuta ulikuwa wa matete yaliyosiribwa udongo, kwa hiyo kila kilicholiwa upande wa pili nilikijua kwa harufu na kila kilichosemwa nilikisikia. Ilikuwa supu ya kabichi na kuku. Walikuwa wakizungumza Kidachi, kisha wakageukia Kiswahili kwa ajili ya Mwalimu Kosmas, aliyekuwa ameitwa na, kama kawaida, hakukaribishwa kukaa.

“Huyu Agatha ana umri gani?” aliuliza Bwana Kalamu.

“Mwali sasa, Bwana,” alijibu Mwalimu Kosmas. “Mkubwa kuliko wenzake.”

“Mtu wake ni mtu wa mtoto wa miaka minne. Hapana mikono, hapana miguu. Mtoto wangu mdogo kule nyumbani, yeye anaweka mikono.”

“Lakini anasoma kuliko wote,” alisema Sista Klara.

“Kasuku pia anasema, Sista. Kusoma ni kukumbuka tu. Akili ni kuona. Mimi sisemi kwa ubaya. Msimpige, si kosa lake. Lakini kumpeleka pwani ni kumtesa bure. Mpeni kazi ya mikono, atakuwa na furaha.”

Nilinusa kitu kinaungua, nikadhani ni kuku wao. Ilikuwa pasi. Niliinyanyua, na chini yake kitambaa cha altare kilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi nzima. Mpaka asubuhi habari za kitambaa zilikuwa zimeungana na habari za picha, na hata waliokuwa na shaka wakaacha kuwa nayo.

Sista Klara aliniita chumba cha vitabu. Mwanga ulikuwa hafifu kwa sababu ya wingu, na karatasi yangu ilikuwa mezani. Akanivuta karibu, akanifunga kitufe cha shingoni ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

“Mwanangu, siku ya kuchora ulikuwa mgonjwa?”

“Hapana, Sista.”

“Ulisahau mikono?”

“Sikusahau.”

“Basi kwa nini hukuiweka? Nieleze. Nitakusikiliza mpaka mwisho.”

Na kweli angenisikiliza. Hilo ndilo lililoniuma. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini akilini nilimwona mama amepiga magoti mbele ya altare, macho amefumba, ulimi ametoa, na uso wake wa wakati ule tu, usio na shamba wala kuni wala wasiwasi wowote. Nikisema huyu ni mwana hiti, nimesema nilikaa ndani. Nikisema nilikaa ndani, nimemtoa mama pale alipopiga magoti. Nilitazama sakafu.

“Sijui, Sista,” nilisema.

Akasubiri. Kisha akaikunja karatasi taratibu. Keshoye nilipewa jembe, na nafasi yangu kwenye benchi akapewa Tekla peke yake, akawa na mahali pa kunyoosha viwiko. Bwana Kalamu aliondoka siku hiyo hiyo na sanduku lake. Alipopita penye matuta alisimama, akaniwekea kalamu ya risasi mkononi akavifumba vidole vyangu juu yake. “Usihuzunike,” alisema. “Mikono yako ina nguvu.” Alikuwa akinifariji, masikini. Nilitaka kuitupa bondeni ile kalamu, nikaishia kuichomeka kwenye nywele.

Nimelima maisha yangu yote na sina ugomvi na kabichi. Lakini majuma yale yalikuwa marefu. Kutoka kwenye matuta nilisikia darasa likisoma kwa pamoja, sauti zikiteremka na upepo, na walipokosea nilikosea nao kwa kuwa sikuwa na kitabu cha kutazama. Wasichana wa jembe hawakunicheka. Walinionea huruma na kuzungumza nami polepole, kama mtu anavyozungumza na kiziwi, na hata mpishi alianza kunijazia uji zaidi ya wengine. Jambo baya kuliko yote ni kwamba nilianza kuamini. Nilikuwa nikilala usiku najiuliza labda ni kweli, labda kusoma kwangu ni kwa kasuku, labda Bibi naye alikosea. Tekla alikuja kila adhuhuri akijidai ameleta maji, akaniletea somo la asubuhi kichwani mwake. Mpaka linafika lilikuwa limekwisha kupinda. Mimi nililinyoosha, nikamrudishia, na kwa namna hiyo, bila hata mmoja wetu kujua, nilimfundisha Tekla kusoma.

“Mwambie Sista ukweli,” alinisihi siku moja.

“Na mama?”

“Mama yako mtu mzima.”

“Komunyo yake ndiyo kitu pekee alichonacho.”

Tekla alivuta pumzi kwa pua. Siku ya kuokota kuni alipotea. Alirudi giza limeingia, miguu imechubuka, hana hata kijiti kimoja, akachapwa, na katikati ya fimbo akacheka. Nilidhani amerukwa na akili. Hakuniambia alikokwenda.

Siku ya pili yake nilikuwa nimeinama tutani nilipomwona mama anapanda. Alivaa nguo zake za Jumapili na siku hiyo haikuwa Jumapili. Kifuani alikuwa na kitu amekifunga kwa kanga, mkono mmoja umekishikilia kwa chini. Alipita kando yangu bila kusimama, akasema tu, “Weka jembe, unifuate,” na mimi nikaliacha jembe limesimama tutani, kwa kuwa nilikitambua kile kitu kwa umbo lake. Sista Klara alikuwa barazani anachambua mbegu za maharage kwenye ungo.

“Tumsifu Yesu Kristu, Sista.”

“Milele na milele, Mama Agatha. Karibu. Nilitaka kukutumia habari mimi mwenyewe—”

“Habari ninazo,” alisema mama. Hakukaa. Alifungua kanga, akamtoa mwana hiti, akamweka juu ya maharage. “Mwanangu si mjinga, Sista. Alichora huyu. Amemlea, anamjua. Nimemweka ndani mimi. Padri alikataza, nikasikia kwa masikio yangu haya, nikamweka. Mwandikieni mama dhambi, msimwandikie mtoto ujinga.”

Sista Klara alifuta mikono kwenye aproni, akaweka ungo chini, akamwinua mwana hiti kutoka kwenye mbegu. Mimi nilimtazama vizuri, kwa hiyo nasema nilichokiona. Hakumshika kama mtu anavyoshika kipande cha mti. Mkono wake wa kushoto ulijikunja wenyewe, kichwa chenye vishungi viwili kikaegemea kwenye kiwiko, na kiganja cha kulia kikaja juu kumfunika upepo, maana mlimani kuna baridi. Akamgeuza kidogo, akamtazama ubavuni.

“Lakini, mama,” aliuliza kwa sauti ya chini, “mikono yake iko wapi?”

“Si hiyo, Sista,” alisema mama. “Umempakata.”

Sista akashusha macho, akaiona mikono yake mwenyewe. Wingu likapanda barazani, likatuzunguka sote watatu, na yeye hakumrudisha yule mtoto wa mti wala hakuacha kumtikisa, kidogo tu, kama alivyowatikisa yatima wake. Nami nikaona ile mikono ambayo Bibi aliniambia nitaiona. Kisha Sista akasema, “Agatha, kanawe miguu. Ingia darasani.”

Nikarudi kwenye benchi, na mwaka uliofuata nikaenda pwani. Lakini neno lililotoka halirudi, na Padri Mkuu alikuwa mtu wa kushika alichosema. Mama alinyimwa komunyo mpaka Pasaka ya mwaka wa pili. Kila Jumapili alipanda mlima vilevile, akasikiliza Misa akiwa nje ya mlango, chini ya michirizi ya paa, na mimi nikiwa ndani niliona pindo la kanga yake likipepea. Sikuweza kuimba. Jumapili moja mvua kubwa ilishuka katikati ya mahubiri. Sista Klara akainuka kwenye nafasi yake, mbele ya watu wote, hatua zake nzito zikasikika mpaka altareni, akatoka nje na mwavuli. Hakurudi. Tulipotoka tuliwakuta wamesimama wawili chini ya mwavuli mmoja, bega la Sista la upande wa nje limelowa chapachapa, hawasemezani. Mama hakunilaumu hata siku moja. Ni yeye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, kwamba msichana mmoja alimfuata shambani akihema, akamwambia, “Mama, mwanao wamempa jembe kwa ajili yako,” kisha akaomba maji. Nilipomuuliza Tekla mbona hakuwahi kujisifu, alisema alisahau.

Karatasi yangu alikwenda nayo Bwana Kalamu. Pengine ipo Ulaya mpaka leo, ndani ya sanduku, na chini yake pameandikwa neno lolote wanaloliandika kwa watoto kama mimi. Mara nyingine humwonea huruma yule mtu wangu, amelala kule kati ya watu wenye mikono na hakuna anayempakata. Mimi nimefundisha mpaka nikazeeka, na sikuwahi kumpima mtoto bila kumuuliza kwanza.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho, karatasi zimemlalia magotini. Kisha akamwita Yusta, ambaye alikuwa amejibanza peke yake penye mlango wa chumba cha marehemu. Mtoto akaja taratibu.

“Yusta, huyu uliyemchora ni nani?”

“Bibi.”

“Mikono ya bibi iko wapi?”

“Waliifungia ndani ya sanda,” alisema Yusta. “Na miguu. Niliwaona. Niliwaambia atasikia baridi.”

Neema hakuandika kitu. Penseli ilimdondoka ikabingirika mpaka chini ya kiti changu, na hakuna aliyeifuata. Alinyoosha mikono, akamvuta mtoto, akampakata.